Udongo Ulioungua Hadi Kukataa Maji: Mwongozo Kamili wa Kuurudishia Mimea na Kiu Yake

Malalamiko ni yaleyale kila baada ya moto wa msitu. Watu wamesubiri mvua ya kwanza, wamebeba miche, wamechimba mashimo katika majivu, wamepanda. Mvua ya pili au ya tatu imeshuka kwa nguvu, na asubuhi miche imekutwa bondeni, imelala katika tope jeusi pamoja na udongo uliokuwa umeishika. Lawama hupelekwa kwa mbegu, kwa aina ya mti, kwa mvua yenyewe. Msimu unaofuata wanarudia vilevile, ila kwa miche mingi zaidi.

Miche haina kosa. Kosa limejificha sentimita mbili tatu chini ya majivu, na kwa kusimama tu hulioni: mteremko ulioungua mara nyingi haunywi maji. Kwa hiyo kwanza uyapunguzie maji mwendo na ufunike ardhi, ndipo mimea ipate pa kushika. Ikishashika, mizizi na majani vitaendeleza kazi ambayo wewe ulianza kwa gogo na mabua.

## Andaa hivi kabla ya kupanda mlima

- Chupa ya maji na mrija wa kunywea, kwa ajili ya kudondosha tone moja moja.
- Kisu kidogo au mwiko wa bustani.
- Pete ya bati yenye upana wa sentimita 15, wazi pande zote mbili. Kopo kubwa lililokatwa kitako linatosha.
- Kikombe cha kupimia mililita, na saa yenye sekunde.
- Fito mbili zilizonyooka za mita 2, fito fupi moja, kamba na jiwe, kwa ajili ya kipimo cha kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwa kimo kilekile.
- Jembe, sururu, panga, msumeno na vigingi.
- Matandazo: mabua makavu ya nafaka, au matawi yaliyokatwa vipandevipande.
- Barakoa, glavu, kofia ngumu, na viatu vya ngozi vyenye soli nene.
- Daftari. Usicheke. Bila namba za mwanzo hutajua kama kazi yako imezaa chochote.

Miche haimo katika orodha hii kwa makusudi. Itakuja, lakini si leo.

## Kwa nini udongo umegoma

Majani makavu na takataka za msituni zina nta na mafuta yake ya asili. Moto ukipita juu, nta hiyo hugeuka mvuke. Sehemu ya mvuke hupanda na moshi, na sehemu huzama ardhini hadi ikutane na udongo uliopoa kidogo. Hapo huganda na kuzivika chembe za udongo ngozi nyembamba isiyopenda maji. Hali hii hukolea udongo unapofika nyuzi 175 hadi 200 za Selsiasi. Joto likipita takriban nyuzi 280, nta yenyewe huanza kuteketea.

Ndiyo maana tabaka linalokataa maji mara nyingi haliko juu kabisa. Juu, palipopata joto kali, nta imeungua na udongo unakunywa. Chini kidogo kuna mfuniko. Mvua inajaza hizo sentimita mbili za juu, inafika kwenye mfuniko, inakosa njia, na udongo uliolowa unateleza juu ya udongo mkavu. Nimewahi kufukua kwa kisu baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha: juu tope, chini yake vumbi kavu linalopeperuka.

Kuna na mzigo wa pili. Kabla ya moto, tone la mvua liligonga jani, likadondoka kwenye jani jingine, likafika chini limechoka. Sasa linapiga ardhi tupu moja kwa moja. Linarusha chembe ndogo, chembe zinaziba vitundu vya udongo, majivu laini yanamalizia kuziba. Mvua ya milimita 20 kwenye hekta moja ni lita 200,000. Zikikosa kuingia ardhini, zitashuka.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni salama, kisha soma rangi

Usiingie mpaka moto uwe umetangazwa kuzimwa na ardhi imepoa. Visiki na mizizi huendelea kuungua chinichini kwa siku nyingi, na mahali palipokuwa na mzizi mkubwa pana shimo la makaa lililofunikwa na majivu laini. Gusa mbele yako kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Tazama juu pia: mti ulioungua kiunoni huanguka hata bila upepo.

Onyo kubwa: kama una makazi au kambi chini ya mteremko mkali ulioungua, kazi ya mikono katika mwongozo huu haitakulinda na mporomoko wa tope. Mnamo 9 Januari 2018, huko Montecito, California, mvua kali ilipiga milima iliyokuwa imeungua wiki chache tu zilizotangulia katika moto wa msitu uliopewa jina la Thomas. Tope, mawe na magogo vilishuka kabla ya alfajiri na watu 23 wakafa. Mvua kali ikitabiriwa, ondoka bondeni. Magogo na mabua yatasubiri.

Ukishaingia, tembea polepole na uchore ramani ya makadirio. Majivu meusi yenye vipande vya mkaa, na mizizi midogo ikiwa bado hai chini yake, ni dalili kwamba moto haukuzama sana. Hapo patapona penyewe. Majivu meupe yanaonyesha kila kitu kiliteketea. Udongo uliogeuka mwekundu au rangi ya tofali umepikwa: mboji yake imekwisha na ukiufinya unabomoka kama unga. Sehemu nyeupe na nyekundu zilizo kwenye mteremko ndizo za kuanza nazo.

Majivu usiyafagie. Yana fosforasi, potasiamu na chokaa ambazo mimea ya kwanza itazihitaji. Ila kama moto ulipita kwenye majengo au magari, majivu hayo ni sumu ya aina nyingine. Kaa nayo mbali.

## Hatua ya 2: Jaribio la tone

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Fanya jaribio udongo ukiwa mkavu. Udongo uliolowa vya kutosha husahau kwa muda kwamba unakataa maji, halafu ukikauka unakumbuka.

1. Sogeza majivu kando, ufikie uso wa udongo, na uusawazishe kwa upole.
2. Dondosha matone matatu, yakipishana kidogo, kisha anza kuhesabu sekunde.
3. Kwangua sentimita 1, rudia. Kwangua nyingine, rudia. Endelea hadi sentimita 5 au 6.
4. Andika kina na muda wa kila safari.

Inama ulitazame tone lenyewe. Kwenye udongo mzima hutandaa na kutoweka, linaacha doa jeusi. Kwenye udongo wenye nta linasimama duara kama shanga, linang'aa, linajivika vumbi, na ukiugusa udongo pembeni linabingirika bila kuacha alama. Ukiliona mara moja hutahitaji kuambiwa tena.

Namna ya kusoma: chini ya sekunde 5, udongo hauna tatizo. Sekunde 5 hadi 60, unakataa kidogo. Zaidi ya dakika moja, unakataa hasa. Tone lililokaa dakika 10 au zaidi lina maana mvua yote ya mwanzo itakupita.

Usipime sehemu moja ukatosheka. Nta haikutandazwa sawasawa kama rangi ya ukuta. Chini ya kichaka kilichoungua unaweza kupata mfuniko mgumu, na hatua mbili pembeni, palipokuwa wazi, maji yakazama papo hapo. Pima angalau mahali 10, na utie alama kwa kigingi.

## Hatua ya 3: Pima unywaji kwa pete

Tone linakuambia *kama* udongo unakataa. Pete inakuambia *kiasi gani* unakunywa.

Gandamiza pete ardhini sentimita 3 hivi, bila kuyumbisha. Mimina mililita 440 polepole. Kwa pete ya sentimita 15, hizo ni sawa na mvua ya milimita 25. Hesabu dakika mpaka maji yaishe. Kisha mimina tena kiasi hichohicho na upime upya, kwa sababu mmimino wa pili unaeleza zaidi tabia ya udongo mvua inapoendelea. Kama maji yanavuja pembeni ya pete, jaribio limeharibika, hamia pengine.

Maji yakiisha kwa dakika 15, huo ni mwendo wa milimita 100 kwa saa. Yakichukua saa nzima, ni milimita 25. Ichukulie kama namba ya kulinganishia leo na mwakani, maana maji yaliyotuama ndani ya pete hupenya kirahisi kuliko yanayokimbia mteremkoni. Kama una nafasi, pima pia sehemu jirani ambayo haikuungua. Hiyo ndiyo shabaha yako.

## Hatua ya 4: Punguza mwendo wa maji kwa magogo

Tengeneza kipimo cha A: funga fito mbili ndefu juu, funga fupi katikati, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni kama timazi. Simamisha miguu yake juu ya vigingi viwili na uweke alama kamba inapogusa fito ya katikati. Geuza kipimo, mguu wa kushoto ukae kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa tembea nacho mteremkoni ukiweka kigingi kila miguu inapokuwa sawa, na mstari wa kontua utajichora.

Laza magogo yaliyoungua juu ya mstari huo. Magogo ya unene wa sentimita 15 hadi 30 yanatosha. Mimi huacha mita 10 kati ya safu na safu kwenye mteremko wa kawaida, na mita 5 panapokuwa pakali. Safu ya chini ianzie kwenye mapengo ya safu ya juu, kama mwashi anavyopishanisha matofali.

Sasa sikiliza hapa, maana mimi mwenyewe nilikosea hapa. Mara ya kwanza niliweka magogo juu ya ardhi, nikayapigia vigingi, nikaondoka nikijisifu. Mvua ilipita chini ya kila gogo. Kila uwazi wa kidole ulikuwa umegeuka mfereji wa kina cha kiganja, na magogo yangu yalikuwa yamefanya kazi ya kukusanya maji na kuyaelekeza mahali pamoja. Bora ningeyaacha.

Kwa hiyo:

- Chimba mfereji mwembamba na ulalishe gogo ndani yake, lizame robo ya unene wake.
- Shindilia udongo upande wa juu mpaka usione mwanga chini ya gogo.
- Pindisha ncha kidogo zitazame juu ya mteremko, au ziba ncha kwa udongo na mawe, maji yasizunguke.
- Piga vigingi upande wa chini.

Nyuma ya gogo, upande wa juu, lima ukanda mwembamba wa jembe kufikia kina cha tabaka la nta ulichoandika kwenye daftari. Umevunja mfuniko pale hasa maji yanapotuama. Usilime mteremko mzima! Udongo uliolegezwa kila mahali juu ya mteremko mkali ni udongo uliofungashwa tayari kwa safari. Mashine nzito nazo ziache chini. Tairi moja linashindilia kile ambacho mizizi itatumia miaka kukifungua.

Umefanikiwa ikiwa: baada ya mvua ndogo unakuta matope laini na majivu vimetuama nyuma ya gogo, na chini yake hakuna mfereji.

## Hatua ya 5: Tandaza kabla ya mvua kubwa

Kama muda au nguvu vinakutosha kwa kazi moja tu, fanya hii. Matandazo yanafanya leo kile ambacho majani yatafanya baadaye: kuvunja pigo la tone, kuyachelewesha maji, na kuukinga udongo usikauke hadi nta ikumbuke kazi yake.

Kilo 20 za mabua makavu kwa kila mita 100 za mraba ni kiasi kizuri, yaani tani 2 kwa hekta. Tandaza nyembamba, sentimita 2 hadi 3. Ukitazama kutoka juu unapaswa bado kuona udongo hapa na pale. Wengine wanamwaga godoro zima wakidhani zaidi ni bora, halafu wanashangaa hakuna kilichoota: chipukizi limezaliwa gizani na kufia humo.

Tumia mabua, si nyasi zilizokatwa zikiwa na mbegu, la sivyo utakuwa umeupandia msitu magugu. Penye upepo mkali, vipande vya matawi hukaa vizuri kuliko mabua.

Kupima kama umefunika vya kutosha: tembea hatua 100 ukikatiza eneo, na kila hatua utazame ncha ya kiatu imegusa nini. Hesabu hatua zilizoangukia juu ya mabua, jani, jiwe au mmea. Ukipata 60 hadi 70, mmomonyoko utapungua sana. Chini ya hapo, ongeza.

## Hatua ya 6: Acha kinachochipua kichipue

Kazi ngumu kuliko zote ni kukaa bila kufanya kitu. Ipe ardhi wiki sita za mvua kabla hujaamua kupanda.

Miti mingi inayoonekana mfu ina uhai shinani. Kwangua gome karibu na ardhi. Ukiona ubichi wa kijani chini yake, usiukate. Kisiki kinachochipua kina mizizi iliyokwishafika chini ya tabaka la nta, jambo ambalo mche wako utahitaji misimu kulifikia. Mbegu nyingi za jamii ya kunde, zilizolala ardhini zikiwa na ganda gumu, hupasuliwa na joto la moto lenyewe na huota mvua ya kwanza. Hizo zimechaguliwa na mahali pale kuliko utakavyoweza kuchagua wewe.

Na kinachotokea chini ni hiki. Mzizi mwembamba unapata ufa katika tabaka la nta na kupenya. Ukinenepa, ufa unapanuka. Ukifa, unaacha bomba ambalo maji yanashukia. Mizizi iliyo hai hutoa sukari zinazolisha bakteria na kuvu, na hao ndio wanaoimeng'enya nta taratibu. Nyuzi za kuvu hufunga chembe za udongo kuwa madonge madogo yenye nafasi katikati. Minyoo, mchwa na siafu wanarudi kula na kuchimba. Juu, majani ya kwanza yanayoanguka yanakuwa matandazo ambayo hukuyabeba mgongoni.

Mara nyingi tabaka la nta hudhoofika ndani ya miezi kadhaa hadi miaka miwili, ingawa udongo wa kichanga unaweza kung'ang'ania zaidi. Penye kivuli na mizizi hupungua haraka. Penye ukavu na jua kali hurudi kila kiangazi.

Mifugo isiingie. Ng'ombe watatu kwa siku moja watakula machipukizi yote na kushindilia udongo kwa kwato. Hapa hakuna cha kujadiliana.

## Hatua ya 7: Mbegu penye upara, miti mwisho

Baada ya wiki hizo sita, rudia hesabu ya hatua 100. Palipofunikwa na uhai, paache. Palipobaki upara, sia mbegu za nyasi na mikunde ya asili ya eneo hilohilo, kwenye ukanda uliolimwa nyuma ya magogo na chini ya matandazo. Mbegu iliyorushwa juu ya majivu matupu husombwa. Kwa mwaka wa kwanza, kusia peke yake bila matandazo huzuia mmomonyoko kidogo sana. Epuka nyasi ngeni zinazokua haraka. Zitafunika vizuri, halafu zitakauka na kuwa kuni za moto unaofuata.

Miche ya miti ipande msimu wa pili, pale tone linapozama chini ya sekunde 5 kwenye kina chote cha shimo. Kabla ya kupanda, mwaga maji shimoni. Yakituama kama kwenye bakuli, vunja kuta na kitako kwa sururu, changanya na udongo wa juu wenye mboji, jaribu tena.

## Hatua ya 8: Rudi na pete

Rudi kwenye vigingi vyako baada ya miezi 6, 12 na 24, kila mara udongo ukiwa mkavu. Dondosha tone, mimina mililita 440, andika. Muda ukipungua kutoka saa moja hadi dakika 20, mimea inafanya kazi. Ukibaki vilevile penye mimea mingi, fukua: huenda tabaka la nta liko chini zaidi ya mizizi, au kuna watu wamekuwa wakipita hapo na ardhi imeshindiliwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kifaa. Siku moja baada ya mvua nzuri, chimba shimo la kina cha mkono karibu na shina la nyasi, na jingine penye upara. Penye nyasi, unyevu uwe umeshuka bila kukatika, na mizizi midogo myeupe ionekane ukutani ikipita mahali ulipoandika “nta” mwaka jana. Penye upara, kama bado kuna mstari mkavu katikati, peleka mabua hapo kabla mvua nyingine haijaja.